Jinsi ya kusoma postikadi ya zamani ya Vichy, kuanzia mtoni mpaka kwenye stempu

Hii kadi niliipata kwenye lile gulio la vitu vya stoo ambalo Wafaransa wanafanya Jumapili asubuhi, wanatandika makorokoro yao barabarani kuanzia saa kumi na mbili, na muuzaji mmoja alikuwa na boksi la viatu limejaa kadi za zamani, kila moja euro moja na nusu, mi nikachukua moja ya Vichy kwa sababu tu nilipenda ule mto. Yule mzee akaniapia kwamba ni ya 1890. Sio kweli, na ukimaliza kusoma hapa hata wewe ungeweza kumwambia sio kweli ukiwa umesimama palepale mbele ya boksi, bila kuwa mtaalamu wa chochote.

Maana watu wengi wakishika kadi ya zamani wanauliza "ni ya mwaka gani" kama vile kadi ina mwaka mmoja. Kadi ina miaka mitatu! Kuna mwaka picha ilipopigwa, kuna mwaka kadi ilipochapwa, na kuna mwaka mtu alipoiandika akaitia posta, na hiyo mitatu inaweza kupishana hata miaka kumi na zaidi, kwa sababu mchapaji akishapata picha nzuri anaichapa na kuichapa tena mpaka watu waichoke. Ukichanganya hiyo mitatu unapotea. Kwa hiyo kila hatua hapa chini jiulize, hii inaniambia mwaka upi kati ya ile mitatu?

Kwanza nikutoe ushamba kidogo kuhusu Vichy

Vichy ni mji wa katikati ya Ufaransa, uko ukingo wa kulia wa mto Allier, mto ambao unaelekea kaskazini mpaka unaingia Loire. Sifa yake ni maji ya chini ya ardhi, yapo ya moto na yapo ya baridi, na kila chemchemi ina jina lake, Chomel inatoka kama nyuzi 43, Grande Grille inaifuata, Hôpital ni ya uvuguvugu, Célestins ni baridi. Warumi walishayajua hayo maji. Madame de Sévigné, yule mama wa kifahari maarufu kwa barua zake, alikwenda kuyanywa 1676. Ila aliyeugeuza mji kabisa ni Napoleon III, mfalme wa Ufaransa wa wakati ule, alianza kwenda 1861 akarudi tena na tena mpaka 1866, akaamuru zijengwe kuta za kuzuia mafuriko na pale kando ya mto pakawekwa bustani kubwa, na reli ikafika 1862. Baada ya hapo kila mwenye ini bovu, figo, kisukari au jongo na hela ya hoteli alikuwa anaenda Vichy, kawaida siku 21, anapangiwa na daktari glasi ngapi, chemchemi ipi, saa ngapi. Mwaka 2021 UNESCO wakauweka mji kwenye orodha yao pamoja na miji mingine kumi ya maji ya tiba ya Ulaya, na kwa Ufaransa ni Vichy peke yake.

Ladha? Nimeyanywa ya Célestins. Fikiria maji ya magadi yenye gesi. Sisi wenzenu tuliolelewa na maharage ya magadi hatukushtuka.

Hatua ya 1: nawa mikono, kausha, halafu iskani kabla ya kufanya kitu kingine chochote

Nasema kabla kwa sababu mimi nilianza na papara. Kadi yangu ya kwanza kabisa (sio hii, nyingine) niliiloweka kwenye bakuli la maji ili stempu ibanduke, nikidhani stempu ndo mali. Stempu ilikuwa ya kawaida kabisa haina thamani, na kadi ikajikunja, wino ukachuruzika, maneno ya mtu aliyekufa zamani yakaishia kwenye bakuli la plastiki. Usibandue stempu. Stempu ikiwa juu ya kadi, na muhuri umepita juu yake, hapo ndo ina maana.

Skani pande zote mbili, dpi 600 inatosha, usiikate kingo kwenye programu, acha kingo zionekane kwa sababu nazo zinasema jambo, tutafika huko. Huna skana? Weka kadi karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, simu iwe juu yake sawasawa, piga.

Hatua ya 2: angalia mto kwanza, watu baadaye

Hapa ndo napopenda mimi. Watu wote wanakimbilia kofia na magauni, lakini kwa Vichy mto ndo unaongea kweli. Ukienda leo pale mjini unakuta Allier imejaa, pana, imetulia kama ziwa, mitumbwi ya makasia inashindana. Na kweli ni ziwa! Mwaka 1963 walimaliza daraja lenye milango ya kuzuia maji chini kidogo ya mji, linaitwa pont de l'Europe, maji yakapanda yakafunika kila kitu, na hapo ndo likazaliwa Lac d'Allier. Kabla ya hapo mto ulikuwa mto wa kweli, kiangazi unapungua mpaka unabaki vijito viwili vitatu vinavyozungukana katikati ya mafungu ya mchanga na kokoto.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi. Ukiona kwenye kadi mafungu ya mchanga mbele ya mji, karibu hakika picha ni ya kabla ya 1963. Ukiona maji yamejaa ukingo hadi ukingo na yametulia, kuwa makini, inaweza kuwa baada ya 1963 au ni kipindi mto umejaa tu, hapo tafuta ushahidi mwingine. Kadi yangu imeandikwa chini VICHY. — Les Bords de l'Allier, yaani kando ya Allier, na mchanga upo mwingi kiasi kwamba kuna mtoto kasimama katikati ya mto na viatu vyake havijalowa.

Ukitaka kuhakikisha zaidi kuna tovuti ya taasisi ya ramani ya Ufaransa, IGN, inaitwa Remonter le temps, unaweka picha ya mji kutoka angani ya miaka ya 1950 upande mmoja na ya leo upande mwingine, unaburuza mstari katikati. Ni bure. Nilikaa nayo usiku mzima nikasahau ugali jikoni.

Baada ya mto, angalia majengo. Yale makuba ya mtindo wa kiarabu yenye vigae, kama kadi inayaonyesha basi picha ni ya 1903 au baadaye, ndo mwaka jengo kubwa la tiba lilipofunguliwa. Kibanda cha Célestins chenye umbo la yai na nguzo, hicho ni 1908. Zile njia ndefu zenye paa la chuma lililosukwa kama kitambaa, watu wanatembea chini yake mvua ikinyesha, zile zilitoka Paris kwenye maonyesho makubwa ya 1889 na zikaja kufungwa Vichy mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwa hiyo mtu asikuuzie kadi yenye hizo njia akakwambia ni ya Napoleon.

Halafu sasa ndo watu. Sketi inafagia vumbi na kofia ni kama sinia, ujue uko kabla ya Vita vya Kwanza. Sketi imepanda, nywele zimekatwa fupi, uko miaka ya 1920. Na tazama mabegani, Vichy ina alama yake, watu wamening'iniza kikapu kidogo kilichosukwa na ndani kuna glasi yenye mistari ya vipimo. Hao ni wagonjwa wako kwenye dozi. Wanawake wenye kofia nyeupe nyuma ya kaunta ndo wagawaji wa maji, walikuwa wanapigwa picha sana, kadi zao zipo kibao.

Hatua ya 3: geuza, tafuta mstari wa katikati

Hapa ndo yule mzee wa boksi anapoanguka. Mpaka mwisho wa 1903, Ufaransa mgongo wa kadi ulikuwa wa anwani tu, na wameandika kabisa kwamba upande huu ni wa anwani peke yake, ukitaka kusema kitu unabana maneno upande wa picha, kwenye ule weupe wa chini au hata juu ya mawingu. Kuanzia Desemba 1903 ikaruhusiwa kugawa mgongo kwa mstari, kushoto maneno, kulia anwani. Kadi yangu ina mstari, na kushoto imechapwa Correspondance. Basi haijachapwa 1890 hata kwa dawa. Huo ni mwaka wa kuchapwa lakini, picha yenyewe inaweza kuwa ya zamani zaidi, na kwa kweli wachapaji walichukua picha zilezile za kadi za zamani wakazipa mgongo mpya.

Angalia na ukubwa. Sentimita 9 kwa 14 ndo saizi ya zamani. Ikiwa kama 10.5 kwa 15 ni ya baadaye, ya miaka ya 1950 na kuendelea. Na zile zenye kingo za mawimbi kama biskuti, nyingi zinang'aa kama picha ya studio, hizo ni za kati hapo, miaka ya 1940 mpaka 1960 hivi. Wakusanyaji Wafaransa wana vifupisho vyao, CPA ni ya zamani, CPSM ni hiyo ya kati, CPM ni ya kisasa, ukitafuta kwenye tovuti ya mnada kama Delcampe utakutana navyo kila mahali kwa hiyo vijue tu.

Herufi ndogo pembeni mwa picha ni za mchapaji. ND ni Neurdein, LL ni Lévy, hao ndo walikuwa vigogo wa Paris, na miaka ya 1920 wakaungana, ukiona majina yote mawili pamoja kwenye kadi moja umeshapata kidokezo. Namba iliyo karibu na jina ni namba ya picha kwenye mfululizo wao.

Chukua kioo cha kukuzia, hata cha kusomea Msahafu kinatosha. Ukiona vidoto vimejipanga kama askari kwenye paredi, hiyo imechapwa kwa mashine ya vidoto. Ukiona punje punje zisizo na mpangilio, kama ngozi ya mjusi, ni ile mbinu ya kioo waliyoitumia sana kabla ya vita, inaitwa fototipi. Ukiona hakuna kitu, laini kabisa, inaelekea ni picha halisi ya kusafishwa kwenye karatasi ya picha, na hizo mara nyingi bei inapanda.

Hatua ya 4: stempu na muhuri, hapo unapata mwaka wa tatu

Muhuri ndo rahisi kuliko vyote ukiwa unasomeka, siku, mwezi, halafu tarakimu mbili za mwaka. Yangu inasema 8-9 07, yaani tarehe 8 Septemba 1907. Usipoweza kuusoma, ile skani yako ifungue kwenye programu ya picha, ongeza kontrasti, muhuri mweusi unajitokeza zaidi.

Rangi ya stempu nayo ina habari. Wakati ule kadi ya kawaida ilikuwa sentimu 10, stempu nyekundu. Lakini kulikuwa na njia ya ubahili: ukiandika maneno yasiyozidi matano, mbali na tarehe na sahihi, unalipa sentimu 5, stempu ya kijani. Ndo maana unakuta kadi za kijani zina salamu fupi fupi kama mtu anatuma esemesi kwa salio la mwisho. Ukikuta kadi ina stempu ya kijani na hadithi ndefu, aliyetuma alijaribu bahati yake.

Usishangae stempu ikiwa upande wa picha, iko angani juu ya mto. Ilikuwa fasheni, mkusanyaji alitaka muhuri uonekane pamoja na picha. Na ikiwa imebandikwa imeinama upande upande, vijana walikuwa na lugha yao ya siri ya stempu, kila mwinamo una maana, nakupenda, nisubiri, na kadhalika, ila orodha za maana zake zilitofautiana kwa hiyo usijenge ndoa ya watu juu ya stempu iliyopinda.

Hatua ya 5: mwandiko, na mtego wa 7bre

Ilinichukua siku mbili kuusoma mwandiko na kosa lilikuwa langu. Juu kulikuwa na tarehe, 8 7bre, mimi nikasoma Julai, mwezi wa saba, si ndivyo? Sasa muhuri unasema mwezi wa tisa. Nikaanza kujenga hadithi kwamba kadi ilisahaulika kwenye koti miezi miwili. Kumbe 7bre ni septembre, wanatumia sept yaani saba kwa sababu ya sauti, sio kwa sababu ya namba ya mwezi. Hivyohivyo 8bre ni Oktoba, 9bre ni Novemba, Xbre ni Desemba. Kariri hiyo, itakuokoa.

Pia namba moja ya Wafaransa ina mkia mrefu kwa juu mpaka inafanana na saba yetu, na saba yao ina mstari katikati. Maneno utakayokutana nayo sana kwenye kadi za Vichy: cure (ndo ile dozi ya siku 21), verre (glasi), foie (ini), source (chemchemi), bons baisers (mabusu mema, wanamaliziaga nayo). Yule mtu wangu wa 1907 anasema daktari kampa glasi nne kwa siku, ini linaendelea vizuri, na kwamba chakula cha hoteli ni kingi kuliko maji. Mgonjwa wa ini huyo.

Usiache kusoma anwani. Vichy ilikuwa mji wa watu waliotoka makoloni, maofisa na wanajeshi waliorudi na malaria na ini limevimba, walikuwa wanapewa likizo waende kunywa maji, mpaka huko Madagaska Wafaransa wakautafuta mji wao wenye chemchemi, Antsirabe, wakauita Vichy ya Madagaska. Kwa hiyo unaweza kukuta kadi ya Vichy imetumwa Diego Suarez, bandari ya kaskazini mwa Madagaska, au Komoro, na hiyo ilisafiri kwa meli kutoka Marseille, ikapita Suez, na meli za kampuni ya Messageries Maritimes za njia hiyo zilikuwa zinagusa Zanzibar. Ukiikuta hiyo kwenye boksi la viatu usijadili bei, lipa uondoke taratibu.

Hatua ya 6: kama ni ya 1940 mpaka 1944, simama kwanza

Jina Vichy kwa watu wengi sio maji, ni serikali ya Pétain, yule marshali aliyeshirikiana na Wajerumani kwenye Vita vya Pili. Julai 1940, baada ya Ujerumani kuipiga Ufaransa, serikali ilihamia pale kwa sababu ya kawaida kabisa, hoteli zilikuwa nyingi na vyumba vipo, na bunge likakutana kwenye ukumbi wa opera wa kasino tarehe 10 Julai likampa Pétain mamlaka yote, wabunge 80 tu wakakataa. Hoteli zikawa wizara. Kadi za miaka hiyo zinaweza kuwa na stempu ya sura ya Pétain, kuanzia 1941.

Kuna aina nyingine ambayo haina picha kabisa, usiitupe. Ufaransa ilikuwa imekatwa vipande viwili na barua zimezuiwa, kuanzia Septemba 1940 wakatoa kadi zilizochapwa sentensi tayari, mzima, amechoka, mgonjwa sana, amejeruhiwa, ameuawa, amefungwa, na wewe unakata yasiyohusika. Basi, ndo barua yako kwa mama yako.

Na hapa wazee wetu wamo. Madagaska ilibaki upande wa serikali ya Vichy, Waingereza wakaingia Diego Suarez Mei 1942, na Septemba mwaka huohuo brigedi ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), vijana wa Kenya na Tanganyika wakiwemo, ikatua Majunga na kupanda mpaka Antananarivo, wakapigana huko mpaka Novemba. Kama nyumbani kwenu kuna picha au kadi ya babu wa KAR yenye neno Madagascar, iweke pamoja na ya Vichy, ni habari moja.

Hatua ya 7: kuhifadhi

Fupi. Bahasha za plastiki laini zisizo za PVC, maana PVC inatoa mafuta yanakula karatasi. Hakuna selotepu, hakuna gundi, hakuna fremu inayopigwa na jua. Ukitaka kuandika chochote nyuma tumia penseli laini, au bora andika kwenye kikaratasi pembeni ile miaka mitatu uliyoipata. Mlio Mombasa, Tanga, Zanzibar, unyevu ndo adui, weka kwenye kopo linalofunga vizuri na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya boksi za viatu vipya, na uvibadilishe.

Kadi yangu kikaratasi chake kinasema hivi: picha, kabla ya Septemba 1907 na pengine miaka kadhaa nyuma zaidi, kuchapwa, kati ya Desemba 1903 na 1907, posta, 8 Septemba 1907.

Hatua ya 8, kama una nauli

Nenda ukasimame pale. Mi nilipanda treni ya Lyon kwenda Clermont-Ferrand, inapita Vichy, nikatembea mpaka kwenye bustani za mtoni na simu mkononi, skani imefunguliwa, nikitafuta pembe ileile. Nilizunguka karibu saa nzima. Mstari wa miti niliupata, mteremko wa ng'ambo niliupata, lakini kila nikijaribu kupanga vitu vikae kama kwenye kadi najikuta natakiwa nirudi nyuma hatua kumi zaidi, na nyuma yangu hakuna hatua, kuna maji. Mpiga picha alikuwa amesimama kwenye mchanga, pale anapopita sasa yule mama na mtumbwi wake wa makasia.